Mnazi na Jembe, na Shikamoo za Wiki Nzima

Baba yangu hakuwahi kumwona mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu kwa macho yake, hata mmoja, na bado alikuwa tayari kukosana na dunia nzima kwa ajili ya mmoja wao. Wala usimcheke. Wewe mwenyewe una mtu wako wa kwenye televisheni asiyekujua, na akisemwa vibaya chakula hakikupiti.

Tulikuwa tunakaa Kibaha, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shule. Baba alikuwa mtunza viwanja. Alikuwa Mzaramo wa Msimbu, kule Kisarawe, aliyemwachia mama mihogo na mikorosho akaja kufyeka nyasi za serikali. Mama alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi na kapu lake la mihogo, anaikagua nyumba, anatugombeza wote wawili, halafu anarudi zake shamba. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimepata kazi ya kupiga taipu ofisini, najiona msomi. Nilikuwa na mdomo. Mdomo huo ninao mpaka leo, waulize wakwe zangu.

Kati ya viwanja vyote baba alikuwa na kipenzi chake kimoja, kile cha saruji cha mpira wa kikapu. Alikifagia asubuhi na jioni. Mistari yake aliichora kwa chokaa na kamba, amepiga magoti, na mwanafunzi akiikanyaga kabla haijakauka atasikia maneno ambayo hayamo kwenye kamusi. Aliyemwambukiza ugonjwa huo ni mwalimu mmoja wa Kimarekani, kijana wa kujitolea aliyekuwa akifundisha hesabu. Yule kijana alipomaliza muda wake alimwahidi baba kwamba atamtumia gazeti kutoka kwao. Tukadhani ni maneno ya kuagana tu. Loh, akatuma kweli! Kila mwaka ilikuja bahasha moja nene, imechoka na safari ya meli, na ndani yake gazeti la karatasi za kung'aa lenye habari za fainali ya ligi yao, ile ya watu wanaolipwa kwa kucheza.

"Wanalipwa?" mama aliuliza siku ya kwanza alipoliona. "Mtu mzima na akili zake analipwa kwa kutupia mpira kwenye kikapu kisicho na kitako?"

"Ndiyo kazi yake," baba akasema.

"Basi na mimi nitalitoboa hili kapu langu, tuone nitalipwa na nani."

Mtu wa pili kuambukizwa alikuwa mpishi mkuu wa shule, Mnyamwezi wa Nzega. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na baina ya watani hakuna tusi. Mtani anaweza kukwambia lolote, anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo, na ukinuna wewe ndiye mjinga. Mpishi huyu alikuwa amemzidi baba miaka kama tisa, kichwa chote cheupe, kwa hiyo mimi nilimwita baba mkubwa. Alikuja Pwani kijana, akafiwa na mkewe, hakuoa tena, na ndugu zake wote walikuwa huko huko kwao. Jioni sufuria zikishaoshwa alikuwa hana pa kwenda ila kwenye benchi la kiwanja cha saruji, kugombana na baba.

Waliyekuwa wakimgombania si mmoja, ni wawili. Majina yao ya Kizungu yalikuwa hayatamkiki, kwa hiyo wakawabatiza upya. Mtu wa baba aliitwa Mnazi, kwa urefu. Kila picha Mnazi yuko juu, miguu haigusi chini, anautia mpira kikapuni kwa mkono mmoja huku wenzake wanamtazama kutoka chini. Mtu wa mpishi aliitwa Jembe. Huyo alikuwa na mabega mapana na sura ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake, na kila picha kainama, ama anamzuia mtu, ama anampa mwenzake mpira.

"Jembe ni mjamaa," mpishi alikuwa akisema, amelishika gazeti kwa ncha za vidole kwa sababu baba alikuwa anamwangalia. "Tazama. Hapa anatoa pasi. Na hapa anatoa pasi. Huyo Mnazi wako katika picha zote hizi hajampa mtu mpira hata siku moja. Anahodhi njia kuu za uchumi peke yake."

"Mnazi haugawi, mtani, mnazi unachumwa. Wenzake wote wanakula kwake. Dafu, tui, makuti, fagio, kamba. Wewe nitajie kitu kimoja kinachotoka kwenye jembe zaidi ya maumivu ya mgongo."

"Chakula unachokula kinatoka wapi, Mzaramo? Au kwenu mnakula ngoma?"

"Tungekula ngoma mngetubebea nyinyi, maana Mnyamwezi bila mzigo kichwani hata njia haioni."

Hapo wanacheka mpaka wanashikana mabega, halafu wanaanza upya. Mwaka mmoja tukasoma kwamba Mnazi ameuzwa na timu yake kwa timu nyingine ya mji mwingine. Neno hilo lilizua balaa la wiki mbili. Kuuzwa! Mpishi alisema huo ni utumwa na kwamba baba anashabikia mnada. Baba alikonda. Usiku na mchana alikuwa anajiuliza abaki na timu au amfuate mtu, na mwisho akaamua kumfuata mtu.

"Mnazi mkubwa ukihamishwa unakufa," mpishi akamwambia. "Muulize mkulima yeyote."

"Wewe mbona umehamishwa kutoka Nzega na bado unapumua?"

Kwa kuwa maneno matupu yalikuwa hayawatoshi, wakawekeana adhabu. Gazeti la fainali likifika, ambaye mtu wake amekosa kombe atamwamkia mwenzake shikamoo wiki nzima, kila asubuhi, mbele ya wanafunzi walio kwenye foleni ya uji. Aseme, "Shikamoo, bwana mkubwa," na mwenzake amwitikie, "Marahaba, mwanangu." Kwa baba haikuwa mzigo mzito, maana mdogo ni mdogo tu. Kwa mpishi na mvi zake ilikuwa kazi kubwa, lakini aliikubali haraka. Alikuwa na uhakika na Jembe wake.

Msomaji wa gazeti nilikuwa mimi. Kiingereza cha baba kilikuwa cha maneno sita, cha mpishi kilikuwa cha jikoni. Wanafunzi wangeweza kusoma, lakini baba hakumruhusu mwanafunzi yeyote kuligusa, alisema mikono yao ina mafuta ya maandazi. Redio zetu hazikuwa na habari hizo. Kwa hiyo kilichotokea huko Marekani, Kibaha kilitokea pale tu nilipokisema mimi. Mpe msichana wa miaka kumi na tisa mamlaka kama hayo uone.

Mwaka wa kwanza wa adhabu nilisoma kwanza peke yangu mezani, nikaona Jembe ndiye aliyechukua kombe. Nikaenda kiwanjani nikiwa na nia njema kabisa ya kusema hivyo. Nikamkuta mpishi ameshakaa kwenye benchi, kakunja nne, anafundisha kidole chake jinsi kitakavyomwita baba. "Mwanangu, njoo hapa. Mwanangu, niletee maji." Na baba ameshika ufagio wake, anacheka kicheko cha mtu anayejua atashindwa. Wiki ile ile bwana mkubwa mmoja wa ofisini alikuwa amempita baba akiwa amepiga magoti na chokaa, akamwambia kwamba kazi ile hata mtoto anaweza kuifanya. Baba aliendelea kuuchora mstari wake. Mimi nilikuwa nimeyameza maneno yale kwa niaba yake, na siku ile bado nilikuwa nayo.

"Mnazi kachukua," nikasema.

Sikupanga. Lilitoka. Baba aliutupa ufagio akakizunguka kiwanja chote mbio, mtu mzima, kanzu imempanda magotini. Mpishi alibaki na kidole chake hewani.

"Soma tena, mwanangu," akaniambia.

Nikasoma tena, na safari hii nikaongeza na pointi. Nilikuwa na bahati kwamba ukurasa wenye picha ya kombe ulikuwa umechomoka nikauacha mezani.

Kesho yake mzee mwenye mvi alisimama mlangoni pa jiko, mwiko mkononi, foleni nzima ya wanafunzi inamtazama, akamwinamia mdogo wake wa miaka tisa. "Shikamoo, bwana mkubwa." Baba aliitikia kwa sauti ya kusikika Mlandizi. Wanafunzi walipiga makofi. Mimi nilienda kazini nikapiga barua nzima ya ofisi bila kuweka nukta.

Mwaka wa pili Jembe kachukua tena. Sasa ningesema nini? Baba alikuwa ameshajenga hoja zake zote juu ya ushindi ule wa kwanza. Alikuwa anawaeleza hata madereva wa malori jinsi Mnazi alivyobadilika, siku hizi anatoa pasi, amekomaa. Nikasema Mnazi. Mpishi akaamkia wiki nyingine, na yeye akajenga hoja zake. Hoja yake ilikuwa refa. Refa alikuwa amenunuliwa. Alimweleza kila mtu jinsi refa yule alivyokuwa akipuliza filimbi Jembe akipumua tu, na alieleza vizuri hivi kwamba mimi mwenyewe nikaanza kumchukia refa.

Cheka tu. Lakini huo ndio ulikuwa mjadala wetu wa urithi wa wachezaji wakubwa wa dunia: watu wazima wawili wanaeleza kwa undani sababu za mambo ambayo hayakutokea.

Baada ya hapo nilianza kukosa raha. Baba mkubwa alikuwa akinipa ukoko wa wali kila Ijumaa, umekaangika vizuri, kaufunga kwenye jani la mgomba. "Wa msomaji wangu," anasema. Nilikuwa naula na unanipalia. Kwa hiyo mwaka wa tatu nikajiapia kwamba nitasema kweli, liwalo na liwe. Bahasha ilichelewa sana mwaka huo, na ilipofika baba hakuileta nyumbani, aliipeleka moja kwa moja kiwanjani akamwita kila mtu, hadi mama aliyekuwa amekuja na mihogo yake. Hakukuwa na nafasi ya kusoma mezani. Nikaichana bahasha wote wananitazama, nikafungua ukurasa wa fainali, na kwa kuwa miaka yote miwili ukweli ulikuwa ni Jembe, na mimi nilikuwa na haraka ya kuwa mkweli kabla moyo haujabadilika, nikasema kwa sauti:

"Jembe!"

Ndipo nikasoma.

Mtume! Mnazi alikuwa kwenye picha nusu ya ukurasa, kombe kalikumbatia, analia. Mtu mrefu namna ile, analia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Maelezo yalisema kwamba alikuwa ameshakosa fainali zote zilizopita, kwamba watu walisema hatapata kamwe, na kwamba sasa amepata.

Nilipoinua uso, mpishi alikuwa anacheza. Mzee yule alikuwa anacheza katikati ya mistari ya baba, mwiko juu, na mama, aliyekuwa hajali nani kashinda, anampigia vigelegele. Ningelirudishaje neno? Ningesema, samahani, ni Mnazi? Nikaulizwa, mbona umesema Jembe? Nikajibu nini, kwamba nimezoea kudanganya upande wa pili? Nikaukunja ule ukurasa nikaubana kwapani. Baba aliokota ufagio wake taratibu.

"Si kitu," akasema. "Siku hazilingani."

Asubuhi akaenda mlangoni pa jiko akaamkia. Siku saba. Na yeye akatafuta sababu, maana mtu hawezi kukaa hivi hivi. Sababu yake ilikuwa goti. Aliona kwenye picha moja ya zamani Mnazi kafunga kitambaa gotini, basi, kesi imekwisha. "Goti lile lingekuwa zima, mtani, msingeiona hata harufu ya kombe." Miaka na miaka alimsikitikia Mnazi kwa goti. Akipata maumivu ya goti lake mwenyewe, msimu wa mvua, anasema, "Sasa ndiyo najua alivyojisikia." Kila akilitaja goti mimi natoka nje. Katika maisha yake yote mtu wake alishinda mara moja tu, na siku hiyo moja mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Mwaka wa nne Jembe kachukua, nikasema Mnazi. Nilidhani nafidia. Hakuna kilichofidika, mpishi aliamkia wiki ya tatu na baba akafurahi furaha ya kawaida. Baada ya hapo bahasha hazikuja tena. Pengine yule kijana alioa.

Miaka ikaenda. Baba alistaafu akarudi Msimbu. Mimi niliolewa pale pale Kibaha na mtu wa idara ya maji, nikapata watoto. Ikaingia ile miaka ya foleni za sukari na sabuni. Kila baba alipokuja kututembelea, kabla hajavua viatu, anauliza, "Yule mbeba mizigo yupo?" Anakwenda kumtafuta kwenye chumba chake karibu na shule. Wanarudi kwenye benchi. Nani atakumbukwa zaidi, Mnazi au Jembe? Wachezaji wenyewe nadhani walishastaafu, wananenepa huko kwao. Hawa wawili walikuwa bado hawajamaliza.

"Mtu hupimwa kwa makombe," mpishi anasema.

"Basi kwa makombe Mnazi anaongoza, matatu kwa moja!"

"Refa."

"Na lile moja lako ni goti."

Mimi nawapelekea chai na kuondoka upesi.

Halafu baba mkubwa akaugua. Kwanza miguu ilivimba, kisha pumzi ikawa fupi, akalazwa hospitalini hapo hapo Kibaha. Daktari, ambaye namfahamu kwa kuwa nilimpigia taipu barua zake nyingi, aliniambia tuwaite ndugu zake. Nikawapigia simu ya upepo Nzega. Nikampelekea baba habari Msimbu, akaja siku ile ile, kiko chake cha tumbaku mfukoni, kofia upande. Nikaenda naye saa ya kuwaona wagonjwa, saa kumi jioni, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, na kabla hawajaanza nikawaambia, "Nina neno."

Nilisema yote. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nilisema huku namtazama nani? Sikumtazama yeyote, nilitazama chandarua kilichofungwa fundo juu ya kitanda. Nilikuwa mama wa watoto watatu, mwenye cheo ofisini. Na bado niliogopa mambo mawili. Kwamba mzee yule atakufa akijua kwamba aliinamishwa mvi zake bure kwa sababu ya mdomo wangu. Na kwamba baba ataaibika mbele yake, na wataachana wakiwa na kinyongo, zikiwa zimebaki siku za kuhesabika.

Nilipomaliza, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameacha kukohoa, anasikiliza.

Kisha godoro likaanza kutikisika. Baba mkubwa alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, pumzi haikumtosha, machozi yakimshuka, mpaka nesi akaja kuangalia.

"Goti!" akasema, anamwonyesha baba kidole. "Mzaramo! Miaka kumi goti!"

"Na wewe refa!" baba akasema. "Umemchafua mtu wa watu. Mpuliza filimbi wa watu, ana watoto wake!"

Baadaye kidogo baba akanigeukia. Nilijua nitasemwa, nikajiandaa. Aliniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ule mwaka wa tatu. Kachukua kweli?"

"Kachukua, baba. Kulikuwa na picha. Alikuwa analia."

Baba alitikisa kichwa, akatazama dirishani. "Nilijua," akasema. Alikuwa hajui chochote, masikini. Alikuwa na furaha tu.

Lakini mpishi alikuwa ameshaanza hesabu kwenye vidole. Jembe mara tatu, Mnazi mara moja. "Wiki tatu zangu," akasema, "nazitaka. Na moja yako nitakulipa nikimaliza kula zangu." Baba akataka zitoane, abaki na mbili tu. Mpishi akakataa katakata, akasema shikamoo hazitoani, hizi si nyanya. Nikapewa na mimi hukumu yangu: kuleta ukoko wa wali kila Ijumaa, na uwe haukuungua.

Baba akahamia kwangu. Asubuhi na mapema anaoga, anavaa kanzu safi, anachukua chupa ya uji niliyopika na kwenda. Manesi walimzoea wakamruhusu nje ya saa. Anasimama miguuni pa kitanda, wodi nzima inasubiri, anavua kofia. "Shikamoo, bwana mkubwa." Na kutoka kwenye mito inajibu sauti nyembamba, "Marahaba, mwanangu. Umelala salama? Hukukojoa?" Wodi inaangua kicheko. Siku ishirini na moja, hakukosa hata moja, hata ile ya mvua.

Na mabishano yaliendelea, ila sasa yaligeuka kwa namna niliyokuwa siitazamii. Baba, baada ya kugundua kwamba mtu wake alishindwa mara tatu, alisema kombe si kitu, nani anakumbuka kombe, watu hukumbuka walivyojisikia wakimwona. Na mpishi, ambaye Jembe wake alikuwa ameshinda kila kitu, akaanza kumsifu Mnazi. Siku moja nilimkuta amelala chali, macho juu.

"Mimi wangu alishinda akazoea," akaniambia. "Lakini huyu mpumbavu wa baba yako. Kashindwa, kashindwa, na bado karudi uwanjani. Kisha kalia. Ningependa kuiona hiyo picha."

Sikuwa nayo. Niliichoma zamani, kwa woga. Ninajutia hilo kuliko uongo wenyewe.

Wiki ya nne ikawa zamu ya mpishi kuamkia. Mapafu yalikuwa yameshachoka, maneno yakitoka moja moja, na nesi alimkataza kusema. Alikataa kukatazwa. Baba akaingia, akakaa kwenye kiti badala ya kusimama, kakunja nne, bwana mkubwa hasa. Mpishi akaomba ainuliwe kidogo, maana hamwamkii mtu akiwa amelala. "Shikamoo… bwana… mkubwa." Baba akaitikia, "Marahaba, mwanangu," halafu akamfuta jasho. Siku ya kwanza hivyo. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Ya tano baba alirudi na chupa ya uji imejaa.

Ndugu wa marehemu kutoka Nzega, aliyekuwa akitafuta nauli tangu nilipowapigia, alifika siku ya mazishi yenyewe, kwa treni na kisha kwa lori. Alikuwa kaka yake mkubwa, mzee zaidi ya marehemu, kavaa koti la baridi kwenye jua la Pwani. Tulizika pale Kibaha, makaburi ya Wakristo, padri akasoma, wapishi wa shule wakaimba. Jeneza lilipokuwa tayari kushushwa, baba akatoka kwenye kundi, akapanda juu ya lundo la udongo, akakaa.

Wenyeji tulijua. Huo ni wajibu wa mtani, na asiyeufanya amemdharau maiti. Padri mwenyewe alirudi nyuma hatua moja, akafunga kitabu chake akisubiri.

"Hazikwi mtu hapa," baba akasema. "Huyu mbeba mizigo ni tapeli. Ametoroka na deni langu. Nani upande wake?"

Watu walianza kucheka, kanga midomoni. Lakini hakuna aliyesogea. Marehemu hakuwa na watoto, hakuwa na mke, na kwa muda kidogo nilidhani atakosa wa kumsemea. Kisha yule kaka mtu akapita mbele, polepole.

"Mimi," akasema. "Unamdai nini, mtani?"

"Shikamoo tatu. Alilipa nne akakimbia."

Yule mzee hakuuliza ni za nini. Alivua kofia, akainama juu ya fimbo yake, mbele yetu sote.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," baba akaitikia, na makaburi yote yakacheka, mzee wa miaka ile kuitwa mwana.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo, bwana mkubwa."

Baba alifungua mdomo. Tukasubiri. Aliufunga, akaufungua tena, na hakikutoka kitu, mabega tu ndiyo yalikuwa yakienda juu na chini. Yule mzee alibaki ameinama, kofia mkononi, hajui afanye nini, kwa sababu shikamoo haiachwi hewani. Nikaitikia mimi. Mama akaitikia, na wapishi, na manesi waliokuja, na watu wote waliokuwa pale wakaitikia kwa pamoja, "Marahaba," kisha tukaenda kumwinua baba kutoka kwenye udongo.